Seva ya wiki ndogo: pesa yako iende kwanza kwenye RAM na SSD

Wanaoniomba ushauri wa seva ya wiki, yaani tovuti ambayo watumiaji wenyewe huihariri, huanza na prosesa: i5 au i7, kori ngapi. Mimi huwarudisha kwenye RAM, kumbukumbu ya haraka ambayo kompyuta hufanyia kazi. Wiki husomwa sana na kuhaririwa mara chache. MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia, hutoka jasho pale inapogeuza maandishi ya mhariri kuwa ukurasa kamili. Ikishamaliza, huuweka ukurasa kwenye kache, yaani akiba ya nakala zilizo tayari, na wasomaji wanaofuata hupakuliwa kilichokwisha iva. Kache na hifadhidata zikienea ndani ya RAM, mashine ya kawaida kabisa inatosha. Zisipoenea, kila msomaji anasubiri diski.

Ninaowafikiria hapa ni shule, chuo, au kikundi kinachokusanya historia ya mji wao: makala elfu chache, picha nyingi, wahariri wasiozidi ishirini kwa wakati mmoja.

1. Kompyuta ndogo ya ofisini, ya mtumba

Tafuta Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Prosesa zenye herufi T mwishoni, kama i5-6500T na i5-8500T, zimeundwa kwa wati 35, kwa hiyo hata UPS ndogo, betri inayoshika umeme unapokatika, huibeba mashine muda wa kutosha. Nyingi zina nafasi mbili za RAM, nafasi ya SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya aina ya M.2 na nyingine ya diski ya inchi 2.5. Wiki ikae kwenye ya kwanza, bekapu ya kila usiku iende kwenye ya pili. RAM iwe GB 16. Ukibanwa na bajeti, chukua prosesa ya zamani kidogo lakini RAM usiiguse.

Ukifika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya mfumo wa kompyuta kuwaka. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie mashine yake. Tazama saa: ikionyesha mwaka uliopita zamani, betri ya ndani imekufa, nayo ni ya bei ndogo, basi omba ibadilishwe hapohapo. Dai adapta halisi pia, maana Dell isipoitambua adapta hupunguza kasi ya prosesa na utabaki kulaumu programu. Kisha tafuta mpangilio unaoitwa AC Recovery au jina linalofanana na hilo, uuweke Power On. Umeme ukirudi saa tisa usiku, mashine itajiwasha yenyewe. Bila hivyo wiki italala mpaka mwenye ufunguo wa ofisi afike.

UPS inunuliwe siku hiyohiyo. Februari 2005 umeme ulikatika kwenye kituo cha Florida zilikokuwa seva za Wikipedia, na hifadhidata kadhaa zikaharibika, kwa sababu diski zilikuwa zimeripoti kuandika data ambayo bado ilikuwa njiani. Mimi yalinipata kwa kiwango changu: umeme ulikatika mara mbili ndani ya dakika tano, jedwali la hifadhidata linalotunza matoleo ya kurasa likagoma kufunguka, na kazi ya siku nne ya wazee waliokuwa wakiandika majina ya mitaa yao ikapotea. Sijaweka seva bila UPS tangu hapo.

2. Seva ya kukodi

Wasomaji wako wakiwa wengi nje ya jengo, hii ipande juu ya namba moja. Intaneti za nyumbani na ofisini mara nyingi hazikupi anwani yako mwenyewe ya umma ya intaneti (IP), na bila hiyo kuifikia wiki kutoka nje ni kazi. Anza na GB 4 za RAM. Kumbuka tu kwamba kodi ni ya kila mwezi, mara nyingi kwa dola, na ikikatika wiki inazimika.

3. Raspberry Pi 5

Inafaa darasani, kwa wasomaji wachache. Chukua yenye GB 8, ifungie SSD kupitia PCIe, njia yake ya kasi ya kuunganisha vifaa, na utumie chaja yake ya wati 27. Hifadhidata usiiweke kwenye kadi ya kumbukumbu: kuandikwa kila mara huichosha upesi.

4. Seva kubwa ya mtumba, ya kwenye raki

Dell PowerEdge R720 ya mwaka 2012 huvutia kwa RAM yake ya ECC, inayojirekebisha makosa, na pawasaplai mbili. Lakini inavuma, inakula umeme mchana kutwa, na kori zake, moja moja, zina kasi ndogo kuliko za i5-8500T. Iacheni.

Ukishaiweka mezani

MariaDB, programu ya hifadhidata, huja ikiwa imetengewa MB 128 tu za kache. Kwenye mashine ya GB 16, pandisha `innodb_buffer_pool_size` hadi GB 4. Washa OPcache na APCu, kache mbili za PHP, lugha iliyoandikiwa MediaWiki, kisha kwenye faili la mipangilio yake, `LocalSettings.php`, andika `CACHE_ACCEL` kwenye `$wgMainCacheType`. `$wgJobRunRate` iwe 0, na `runJobs.php` iendeshwe na cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, ili msomaji asibebeshwe kazi za nyuma ya pazia. 

Kuhusu bekapu, `mysqldump`, amri ya kunakili hifadhidata, huchukua yaliyomo kwenye hifadhidata tu, si picha. Folda ya `images` na faili la `LocalSettings.php` vinakiliwe pamoja nayo, kwenye diski ya pili na kwenye diski nyingine inayolala nje ya jengo. Mara moja kwa mwezi, rudisha bekapu hiyo kwenye kompyuta nyingine, ufungue ukurasa wenye picha, uone kama picha inatokea.