Lake Texoma kwa kikundi: besi wa milia wapo, upepo ndio wa kuangalia

Kwa kundi la wavuvi, Lake Texoma, ziwa la bwawa lililo mpakani mwa Texas na Oklahoma, Marekani, inastahili safari kabisa. Ina takriban ekari 89,000, na besi wa milia (samaki waitwao striped bass) huzaliana humo wenyewe, jambo adimu kwenye mabwawa.

Kinachokwamisha wengi ni leseni. Ya jimbo moja hukomea mpakani, na majini hakuna uzio. Kila mtu mzima achukue leseni maalumu ya Lake Texoma, inayokubalika pande zote. Kikomo ni besi wa milia 10 kwa mtu kwa siku, wawili tu wakiwa wa inchi 20 au zaidi, kwa hiyo rula isikosekane botini.

Boti mbili za watu wanne wanne ni bora kuliko moja iliyojaa; mishipi hunasana. Tokeni alfajiri, kabla upepo wa kusini haujachafua sehemu pana za ziwa. Samaki hai wa chambo hujibana konani na kufa kwenye tangi la pembe nne. Tumieni la mviringo lenye pampu ya hewa.

Mkiondoka, mwageni maji yote botini: kome vamizi, ambao huweza kusafiri na maji hayo, waligunduliwa ziwani mwaka 2009.