Viazi vitamu au jamaa yao wa mwituni?

Ukitaka nyuki shambani hapa Kisumu, unaweza kutegemea viazi vitamu au Ipomoea cairica, ule mmea unaotambaa juu ya seng'enge. Ni wa jenasi moja na maua yao yanafanana mno: tarumbeta la zambarau hafifu lenye koo lililokolea. Watofautishe kwa majani; la mwituni limegawanyika kama vidole vya mkono.

Kwa ajili ya nyuki, mimi nachagua wa mwituni bila kusita. Ni mmea wa Afrika, hudumu miaka mingi na hauhitaji kufukuliwa. Viazi asili yake ni Amerika, na baadhi ya aina zake hazitoi maua kabisa. Isitoshe, kila mavuno jembe huvuruga udongo ambamo baadhi ya nyuki wa porini hutaga.

Kwa chakula hakuna mashindano: viazi vya rangi ya chungwa huwapa watoto vitamini A. Mizizi ya mwituni iache ardhini.

Lakini tafadhali, usiweke viazi jirani na mmea wa mwituni! Fukusi wa viazi, mdudu anayevishambulia, huishi pia kwenye jamaa hawa wa porini, halafu huhamia kwenye matuta yako. Wa mwituni seng'enge ya barabarani inamfaa, viazi vikae mwisho wa shamba.