Mwaka wangu wa muziki wa jukwaani: maonyesho 19, Dar hadi Unguja

Baba yangu ni shabiki wa Sikinde, bendi kongwe ya dansi ya Dar. Mama ni wa Msondo, bendi pinzani, na mabishano yao yalianza kabla sijazaliwa. Nimekua nikiyasikia majina hayo redioni bila kuwahi kukanyaga ukumbini, hata nikaona aibu. Ndipo nikaweka nia: mwaka mzima, kila mwezi, niende walau onyesho moja la muziki wa moja kwa moja. Nimemaliza na maonyesho 19, na naandika haya kwa yeyote anayejiuliza kama pesa na usingizi vinalipa.

La kwanza nilikwenda na baba. Ukumbi wa kawaida kabisa: viti vya plastiki, paa la bati, jukwaa la kimo cha goti, kiingilio shilingi 10,000. Sikinde walipoanza kupiga nikawa namkodolea macho mwimbaji. Baba akaniinamia sikioni: "Mwanangu, huyo utamsikia tu. Msikilize anayepiga rizim, lile gitaa la kuandamana."

Nilimtafuta. Alikuwa amesimama nyuma, karibu na tumba, hana mbwembwe yoyote, anarudia kifungu kilekile kifupi cha gitaa. Solo ilikuwa ikipanda na kushuka juu yake, besi ikimjibu kwa chini, na wapuliza tarumbeta na saksafoni wakiingia pale alipowaachia nafasi. Nilipomnasa, wimbo wote ulinifungukia. Kifungu kile kwenye spika ya simu yangu hakisikiki hata chembe. Nimeusikiliza wimbo huo miaka na miaka nikiwa nimeukosa nusu yake! Ulipofika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi ya kucheza, watu waliinuka wote kwa pamoja, wazee kwa vijana, na baba naye, mwenye goti bovu, akaniachia fimbo yake niishike.

Kwa wasiojua: DDC Mlimani Park, ndiyo hao Sikinde, ni bendi ya 1978. Msondo ni ya 1964, ilipoitwa NUTA Jazz. Baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, jina likibadilika kila chama cha wafanyakazi kilichoilea kilipobadilika. Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki 2014, aliimba pande zote mbili. Huyo ndiye mtu pekee ambaye baba na mama hawajawahi kumbishania.

Niseme sasa lililoniumiza. Katikati ya mwaka nililipa shilingi 50,000 kwenda kwenye tamasha kubwa la uwanjani. Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni. Msanii mkuu alipanda saa saba usiku, peke yake, bila hata mpiga ngoma mmoja. Ikapigwa rekodi yenye sauti yake humohumo, naye akawa anaimba juu ya sauti yake mwenyewe. Mara mbili alishusha kipaza sauti na wimbo ukaendelea kana kwamba hajanyamaza. Mbele yangu walikuwepo wasichana watatu waliokuwa wamesimama tangu jioni, na usafiri wa kuwarudisha Mbagala saa hiyo ni bodaboda tu. Waliimba kila neno kwa nguvu zao zote. Wao walikuwa wakiimba kweli, na walistahili kuimbiwa kweli. Sitalipa tena kiingilio cha namna hiyo bila kuuliza kwanza kama kuna bendi.

Usiku huohuo niliondoka na masikio yanayolia, na yalilia siku mbili. Tafadhali msilichukulie hili kama jambo dogo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, mpangilio wa spika uwe mzuri, na vizibo vya masikio vipatikane. Mimi nimenunua vya sponji, nakaa navyo kwenye mkoba, na muziki nausikia vizuri tu. Nimejifunza pia kutosimama mbele ya spika. Nasimama karibu na meza ya fundi mitambo, kwa sababu yeye anarekebisha sauti kwa masikio yake akiwa pale pale. Anachokisikia yeye ndicho utakachokisikia wewe.

Mtu anaweza kudhani basi napinga muziki wa kompyuta. Hapana. Moja ya jioni nilizozipenda sana ilikuwa ya singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar, kule Manzese, barabarani, bila jukwaa wala kiingilio. DJ na kompyuta yake, MC na kipaza sauti, biti inakimbia kupita mapigo 200 kwa dakika. Lakini MC alikuwa akitunga papo hapo: anamtaja aliyepita, anamjibu mama aliyemtania kutoka barazani, DJ anakata biti ili jibu lisikike, halafu anairudisha. Wale wawili walikuwa wakisikilizana, na hicho ndicho nilichokikosa kule uwanjani.

Februari nilivuka kwenda Unguja kwa Sauti za Busara. Tamasha hili lilianza 2004, na msimamo wake ni kwamba muziki upigwe moja kwa moja. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, kwa hiyo kila mara linapofanyika nalihesabu kuwa riziki. Nilipokwenda lilikuwa ndani ya Ngome Kongwe, kuta zilizojengwa na Waomani karne ya 17, na kaskazi ikipita juu ya kuta hizo joto la Februari linavumilika. Fikeni mapema, muonje chakula cha Forodhani hatua chache tu kutoka hapo, na vyumba vya Mji Mkongwe mviweke miezi kabla. Nilichelewa, nikalala mbali, na nikakosa bendi mbili za kufunga usiku kwa kuhofia usafiri.

Ila kilichonishika zaidi Unguja si Ngome. Ni jioni ya taarab ya kale, ukumbi mdogo, watu labda mia. Mnajua kwamba Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi cha tangu 1905? Muziki wa namna ile nilidhani naujua kwa sababu nimeusikia harusini. Kumbe sikuwahi kusikia kanuni na udi, vile vyombo vya nyuzi, kwa karibu hivyo, ukucha ukigusa uzi. Walianza bila mwimbaji, fidla zote zikipanda pamoja, nami nikamgeukia bibi aliyekaa kando yangu kumuuliza wataanza kuimba lini. Akanishika mkono. "Tulia mwanangu, hii bashraf. Sikiliza kwanza vyombo vinavyosalimiana." Nilitulia. Baadaye mwimbaji alipofika kwenye ubeti fulani, bibi huyohuyo aliinuka polepole na noti yake mkononi, akaenda kumtunza, akarudi akifuta machozi. Sikumuuliza ubeti ule ulimgusa wapi.

Bagamoyo nilikwenda siku moja tu, tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko. Usafiri rahisi kutoka Dar, kiingilio kidogo, ratiba haifuatwi. Nendeni kwa ajili ya muziki wa Wagogo: marimba za mkononi, zeze, na sauti zinazopandana kama kwaya isiyo na mwongozaji. Mji huo ndiko alikoishi marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo, na jamaa zake bado wanapiga.

Kuhusu gharama, kiingilio si tatizo. Kwa maonyesho mengi ya kumbi ndogo nililipa kati ya 5,000 na 15,000. Kinachomaliza pesa ni kurudi nyumbani usiku. Tangu mwezi wa tano tulikuwa tunakwenda wanne na kuchangia bajaji, na hapo ndipo ikawezekana kumaliza mwaka.

Onyesho la 19, Desemba, lilikuwa la Msondo. Mama alivaa gauni la sikukuu. Baba alikubali kuja kwa sharti kwamba hatacheza, na kweli alikaa kitini muda wote, mikono juu ya fimbo, macho ameyafumba. Niliona kidole chake kikigonga fimbo, nikajua anamfuata nani jukwaani. Kwenye bajaji ya kurudi, tulipofika Tandika, alikuwa anakiimba kwa mdomo, taratibu, kile kifungu cha rizim cha Msondo. Mama alimsikia. Hakusema neno, akamwacha akimalize.