Watu wa Lindi, Amsterdam hadi Vienna kwa treni: kadi ya Eurail tuliiacha, hoteli tukazipima kwa miguu

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Kadi ya Eurail, ile unayolipa mara moja ukapanda treni za nchi nyingi za Ulaya, ya siku nne za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, daraja la pili, ilikuwa inapita euro 500 kwa wawili, mimi niliyevuka miaka 60 na kupata punguzo la wazee, na mke wangu ambaye hajafika huko. Tiketi tatu za kawaida, Amsterdam kwenda Berlin, Berlin kwenda Prague, Prague kwenda Vienna, zilitugharimu euro 193 sote wawili. Ukipiga euro moja kwa shilingi elfu tatu, kama nilivyokuwa nikifanya ili kichwa kisiume, tofauti inapita laki tisa. Laki tisa kwa Lindi ni mabati ya banda zima.

Kadi tukaiacha. Lakini sikuiacha kwa dharau, na nitaeleza kwa nini.

Binti yetu alikuwa anahitimu shahada ya uzamili Berlin mwezi Mei. Akasema, "Baba, shukeni tu Berlin, nitawapokea, mengine nitapanga mimi." Nikakataa. Kiinua mgongo mtu hupewa mara moja, na korosho msimu ule hazikutuangusha. Kama tunavuka bahari, basi tuone na miji mingine, na ratiba niipange mwenyewe nikiwa barazani kwangu na simu mkononi. Sisi watu wa Kusini treni tunaisikia tu. Reli yetu ilikuwa ile ya mradi wa karanga, ya Nachingwea, nayo iling'olewa kabla sijazaliwa. Treni yangu ya kwanza maishani ni SGR ya Dar kwenda Dodoma, mwaka 2024, nikiwa tayari mstaafu.

Sasa, kila anayetoa ushauri wa safari za Ulaya ana wimbo mmoja: nunua tiketi mapema, ndipo utapata bei ya chini. Ni kweli. Ila wimbo huo umetungwa na watu wasioomba viza. Tiketi ya bei ya chini kabisa ukishalipa imelipwa, hela hairudi. Wakati huohuo wewe wa Lindi unasubiri viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nazo ukikataliwa zimekwenda. Ubalozi unataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, unataka kuona utalala wapi kila usiku, unataka kuona utapita wapi. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, ila wana ruhusa ya kufika 45. Na huombi kokote upendako, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu ilikuwa Ujerumani, usiku tano, na nililinda hizo tano nisije nikaongeza siku Vienna nikajikuta nimepeleka karatasi mlango usio wangu.

Hapo ndipo kadi ya Eurail ilipotaka kunishinda nguvu. Ukiinunua kwa bei yake ya kawaida, si ile ya punguzo la msimu, na bado hujaianza kuitumia, unaruhusiwa kuirudisha ukakatwa asilimia 15. Tena una miezi 11 ya kuianza tangu siku ya kuinunua. Kwa mtu mwenye pasipoti yetu hilo ni jambo kubwa, wala si la pembeni. Nililala na wazo hilo wiki nzima.

Mwisho nikafanya hivi: hoteli zote niliweka zile zinazofutika bure hadi siku chache kabla, hizo ndizo nikapeleka ubalozini pamoja na ratiba ya treni niliyoipanga kwenye jedwali, siku, saa na mji. Tiketi za treni nikaziacha hadi pasipoti zirudi. Zilirudi wiki ya tatu, nasi tumebakiwa na wiki tano kabla ya kuondoka. Usiku uleule nikanunua bando nikakaa nayo. Bei za chini kabisa zilikuwa zimekwisha kwa Amsterdam–Berlin, lakini miji mingine bado. Kwa Berlin–Prague na Prague–Vienna usiangalie upande mmoja tu: shirika la reli la Ucheki nalo linauza tiketi za treni hizohizo, na kuna siku bei yake iko chini.

Kwa hiyo kadi ni ya nani? Ni ya kijana asiyezidi miaka 27, ambaye bei yake iko chini, anayetaka miji minane na hajui kesho atalala wapi. Ni ya wazazi wenye watoto, maana walio chini ya miaka 12 hawalipi wakiwa na mtu mzima. Ila asome maandishi madogo. Siku moja ya kusafiri ni usiku wa manane hadi usiku wa manane. Treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania zinakutaka ulipie kiti juu ya kadi, wakati Ujerumani na Austria kwa kawaida unapanda tu ukatafuta nafasi. Na asiichanganye na Interrail, hiyo ni ya wakazi wa Ulaya. Binti yetu mwenye kibali cha kuishi huko ni mtu wa Interrail. Mimi na mama yake ni watu wa Eurail.

Hoteli sasa. Neno "katikati" kwenye matangazo ya hoteli lina maana ya kibiashara tu. Hoteli ya kwanza niliyoitamani Berlin jina lake lote lilikuwa mji, mji, mji. Nilipofungua ramani nikakuta iko nusu saa kutoka kila kitu ninachokitaka. Nikajiwekea sheria: katikati ni stesheni kuu, si kanisa wala ikulu, na kutoka stesheni nisitembee zaidi ya dakika kumi, nikiwa na goti la kulia bovu na mke mwenye begi la kilo nne za korosho. Ukilala karibu na stesheni hulipi teksi siku ya kuingia wala ya kutoka, na Jumapili hufi njaa. Hili la Jumapili lishike. Ujerumani na Austria maduka yanafungwa siku hiyo, lakini yaliyo ndani ya stesheni kubwa yanauza. Tulinunua mkate, mayai ya kuchemsha na ndizi pale stesheni kuu ya Berlin, tukala kama wafalme.

Amsterdam iliivunja sheria yangu. Vyumba ni ghali, halafu juu yake kuna kodi ya kulala ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Tukalala Zaandam, dakika 12 kwa treni kutoka stesheni kuu ya Amsterdam, euro 96 kwa usiku. Zaandam hutembei na ramani. Unashuka, unaiona hoteli. Katikati si lazima ipimwe kwa kilomita.

Treni ya Berlin ilichelewa dakika 70. Palepale mpakani polisi walipanda, wakaangalia pasipoti, wakashuka. Binti ndiye aliyetufundisha kwamba kanuni ya Ulaya inasema ukichelewa kufika kwa saa moja au zaidi unadai robo ya nauli, ukifika saa mbili unadai nusu. Tukadai, ikarudi. Kwa basi la Dar–Lindi sijui ningekuwa tajiri kiasi gani.

Chumba cha Berlin kilikuwa euro 84, na mlango ukifunguka unagusa kitanda. Dirisha liliangalia ua wenye baiskeli. Mashuka meupe, yamenyooka kama karatasi ya mtihani ambayo haijaandikwa. Chooni hakuna bomba la maji, karatasi tu, na hili utalikuta kote uendako, kwa hiyo mke wangu alikuja na kopo lake la plastiki kutoka nyumbani na likazunguka nchi nne. Atakayecheka na acheke. Kifungua kinywa walitaka euro 15 kwa kichwa, tukakikataa siku zote tano, chai tukachemsha kwa birika la chumbani.

Nilichagua hoteli hiyo kwa sababu moja ambayo sikumwambia hata binti. Ukitembea robo saa unafika jumba la makumbusho ya viumbe asilia, Invalidenstraße. Nimefundisha biolojia miaka 33 Lindi, nikichora ubaoni mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa kilima chetu cha Tendaguru, ambaye sijapata kumwona. Mwanzo tulipanga Jumatatu. Nashukuru niliangalia kabla: Jumatatu wanafunga. Tulikwenda Jumanne asubuhi.

Unaingia tu, ndiye huyo mbele yako. Urefu wa kwenda juu ni mita 13.27, na shingo imesimama hadi unahisi kofia inataka kuanguka. Mke wangu alitafuta neno Lindi kwenye maelezo mpaka akaliona, akaweka kidole chini yake kama mtoto anayejifunza kusoma. Mifupa hii ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Maji Maji, ikabebwa mabegani na vichwani na watu wetu, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo wanafunzi wangu hawakulikuta kwenye kitabu cha kiada. Mke wangu akauliza kwa sauti ya chini, "Na sisi tumelipa kiingilio?" Tumelipa, nikamwambia. Akaguna. Tulikaa kwenye benchi pale karibu saa nzima, na sijui hadi leo kama nilikuwa nafurahi au nimekasirika.

Berlin kwenda Prague ni saa nne na kitu, na ndicho kipande bora cha safari nzima. Kaeni kushoto. Ukipita Dresden reli inashikana na mto Elbe, maji yako chini ya dirisha, majabali ya mchanga yamesimama ng'ambo kama magofu. Mke wangu alisema ni kama mto wetu Lukuledi uliopewa chakula kizuri. Kiti tulikilipia ziada, euro tano na senti kwa mtu, ingawa si lazima. Kwa umri wetu sitaki kusimama kwenye korido. Behewa la chakula la Wacheki linapika kwelikweli, sahani ya udongo na uma wa chuma. Asiyekula nguruwe akariri maneno mawili kabla ya kupanda: Schwein upande wa Wajerumani, vepřové upande wa Wacheki. Sisi tulikula supu ya mboga na viazi.

Prague ndipo hoteli ilipotuangusha, na jina lake nalihifadhi. Kwa miguu ilikuwa dakika saba kutoka stesheni kuu, bei euro 67, picha nzuri. Lifti haikuwepo, na chumba kiko ghorofa ya nne. Kosa ni langu pia, sikuuliza. Tangu siku hiyo neno la kwanza ninalolitafuta kwenye maelezo ya hoteli ni lifti, kabla hata ya kitanda. La pili walilonifanyia ni la ujanja. Ucheki haitumii euro, inatumia koruna, na mashine ya kadi inakuuliza ukatwe kwa ipi. Kijana wa mapokezi alibonyeza mwenyewe, euro, kwa kiwango chao. Nilipopiga hesabu chumbani nikakuta nimepigwa karibu euro tisa. Mashine ikikuuliza, chagua fedha ya nchi uliyopo, na bonyeza kwa kidole chako. Mji wenyewe lakini sina neno baya juu yake. Tulishuka hadi mtoni jioni, ngazi zile zikatungoja.

Vienna nitasema machache kwa sababu haikutupa shida. Saa nne kutoka Prague. Usisumbuke na hoteli za ndani ya mji wa kale. Karibu na stesheni kuu tulipata chumba kwa euro 79, chenye lifti ya kutosha watu wawili na begi moja, na treni ya chini ya ardhi, U1, inakushusha Stephansplatz, katikati ya mji wa kale, vituo vitatu tu. Jumba la Belvedere na bustani zake unakwenda kwa miguu. Kwenda uwanja wa ndege usikimbilie ile treni maalumu ya watalii. Treni ya kawaida inaondoka stesheni kuu inafika kwa robo saa, kwa euro chache.

Siku ya mwisho ndege ilikuwa usiku na chumba tunakitoa saa tano asubuhi. Stesheni ina makabati ya mizigo, unaweka begi unatembea mikono mitupu. Nilisimama mbele ya kabati na noti ya euro hamsini, kabati linataka sarafu. Mke wangu hakusema kitu. Alifungua fundo la kanga, akatoa sarafu za euro mbilimbili alizokuwa akizikusanya tangu Zaandam, akazihesabu moja moja kwenye kiganja changu.