Huduma za kutafutiwa waandishi wa habari Dar, nilikolipa bure na nilikopata thamani ya hela

Kama una biashara ndogo na unataka gazeti likuandike soma hii kabla hujatoa hela. Sisi tunatengeneza mkaa mbadala wa vifuu vya nazi huku Mbagala, na stori tulikuwa nayo, maana tangu serikali iagize taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa wa miti mwisho Januari 2024, mashule mengi yanahangaika na jiko.

Tulianza na kampuni moja ya PR (mahusiano ya umma) hapa mjini, jina nalihifadhi. Wao wanauza wingi, eti taarifa yako inafika kwa waandishi zaidi ya mia. Kumbe ni listi ya siku nyingi, wakatuma kwa wote mpigo mmoja, anwani za watu zimeanikwa juu pale kila mtu anaziona, "Ndugu Mhariri", na PDF nzito yenye logo kubwa kuliko habari yenyewe. Jamaa mmoja wa michezo akajibu kaka mimi naandika Simba na Yanga, mkaa wa nini tena? Mwingine alishaacha uandishi zamani, sasa hivi ni afisa habari wa halmashauri. Alafu kwenye invoisi kuna mstari wa "posho ya waandishi", hapo ndo nilichoka kabisa. Waliokuja kufuata hiyo posho ni makanjanja watupu, wakapiga picha wakanywa soda wakaondoka, mpaka leo hakuna hata mstari uliotoka. Nyota moja, na hiyo ni ya soda.

Baadae tukapata dada mmoja anafanya kazi hii peke yake. Swali lake la kwanza halikuwa gazeti gani, aliuliza unataka nani asome? Maana Mwananchi na The Citizen ni kampuni moja lakini wasomaji ni mbingu na ardhi, ukimtaka mhasibu wa shule ya bweni unaenda kwenye Kiswahili, ukiwataka wafadhili na wawekezaji unaenda kwenye Kiingereza. Akakaa na magazeti anasoma majina ya walioandika, sio vichwa vya habari tu, akatuletea listi ya watu wachache mno, mi nikaona tumeibiwa tena. Lakini kila jina lilikuwa na sababu yake. Mmoja aliwahi kuandika walimu wakuu wanavyolalamikia gharama ya gesi na habari ikaishia hapohapo kwenye malalamiko, basi dada akamwandikia yeye tu, mistari michache, kwamba kuna shule imehamia mkaa wa vifuu na mpishi wake yuko tayari kuongea, njoo uone sufuria likiwa jikoni. Akaja. Habari ikatoka, na simu za wahasibu wa mashule zikaanza kuingia.

Posho hana, anakwambia mapema kabisa. Mapungufu yapo: bei yake imechangamka, ukiwa na haraka utaumia maana hatumi kitu mpaka asome, na redio hagusi kabisa wakati mama lishe wetu wengi wanashinda na redio, gazeti wanafungia maandazi. Nampa nne kati ya tano. Mashine mpya ya kukaushia ikifika tutamrudia, ila ya redio tunatafuta mtu mwingine, mwenye kumjua anitumie namba inbox.