Mshauri wa watoto hapa Malindi: feni mbovu, kazi nzuri

Mwanangu ana miaka minane na neno lake la kwanza asubuhi ni "sitaki". Sitaki kuoga, sitaki chai, sitaki chuo cha Kurani. Bibi yake keshamnywesha kombe, yale maji ya aya za Kurani, mara mbili. Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mshauri huyu. Tukapanda tuktuk kutoka Maweni.

Kungoja ni balaa. Miadi saa tatu, tumeingia saa nne u nusu, feni haizunguki. Mwanangu akachana bango la ukutani. (Nililipa.)

Ila mama yule anaijua kazi. Hakumwita mtoto mtukutu. Aliuliza: hizi hasira, ubishi na kinyongo vimefika miezi sita? Humfanyia nani, ndugu zake tu au na watu wengine? Kumbe kuna maradhi ya ukaidi, na ugomvi wa ndugu peke yake hauhesabiwi humo, na ubishi wa siku mbili tatu si maradhi. Kisha akaniambia hakuna kidonge cha kuutibu ukaidi wenyewe. Anayefundishwa kwanza ni mzazi. Nilinuna. Nilipe pesa nifundishwe mimi?

Nikajaribu hivyo hivyo. Agizo moja, fupi, sauti ya chini, akitii, namsifu papo hapo: "Ahsante baba, umevaa kanzu yako." Wiki ya tatu alivaa viatu bila vita, nikamtazama kama mgeni.

Jana kamwaga uji makusudi. Jumanne tunarudi, na safari hii nabeba kipepeo changu cha ukindu.