Miche ya vetiva kutoka kitalu cha barabarani, Moshi: nunueni, ila bango lao msiliamini

Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kiko Kibosho kwenye mteremko, na ukingo wa nyuma ya jiko umekuwa ukimeguka kila masika. Vetiva, nyasi za kupandwa kushika udongo, pale kitaluni ni shilingi 300 mche mmoja. Ukichukua mingi wanashuka hadi 250. Nilichukua ya kutosha ukingo wote.

Niseme kwanza kilichoniudhi. Pale mlangoni wameweka bango lenye picha ya mji wa Katesh, chini ya mlima Hanang mkoani Manyara, ukiwa umefukiwa na tope, na chini yake wameandika kwamba vetiva huzuia maporomoko. Jamani! Tope la Hanang la tarehe 3 Desemba 2023 halikuanzia kwenye ukingo wa shamba la mtu. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikageuka tope, likashuka na mawe na magogo mpaka Gendabi, Jorodom na Katesh mjini. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hapa hapa mkoani kwetu, Goha wilayani Same, Novemba 2009 udongo ulishukia nyumba na kuua zaidi ya watu 20. Na kule Gofa, Ethiopia, Julai 2024, waliokimbilia kuwafukua majirani walifukiwa na poromoko la pili. Mizizi ya nyasi, hata ikishuka mita tatu, ingezuia nini hapo? Aliyejenga kwenye njia ya tope anatakiwa kuonywa mapema na kupewa pa kuhamia. Kumwuzia miche kwa picha ya misiba ya watu si biashara nzuri.

Kwa ukingo wa shamba, hata hivyo, mali yao ni nzuri. Ilikuja na mizizi mibichi, imefungwa kwenye viroba vilivyoloweshwa. Unaipanda kwa mstari unaokingama mteremko, sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche, na ikishashikana maji yanapita taratibu huku udongo ukibaki juu. Haisambai ovyo, kwa hiyo usiogope kwa ajili ya kahawa. Ng'ombe wanakula majani yake yakiwa machanga, ingawa wangu bado wanapendelea nyasi za Guatemala.

Kasoro ni kwamba hakuna aliyeniambia vetiva haipendi kivuli. Iliyo juani imenenepa. Niliyopanda chini ya migomba imebaki nyembamba kama nywele za kichanga. Kwa sisi wa vihamba hilo ni jambo la kumwambia mteja kabla hajatoa hela.

Kilichonifurahisha zaidi ni kijana wao wa kupima kontua (mistari ya usawa inayokingama mteremko), anayelipwa pembeni elfu kumi na tano. Alikuja na kipimo chake cha mbao chenye umbo la A na kamba yenye jiwe, akazunguka, kisha akasimama juu kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji unaopita mpakani, kwenye masale, ile mimea ya mpaka. Akaniambia, "Mama, ziba hapa kwanza. Maji yakiendelea kuzama juu ya ukingo, mwakani utarudi kununua tena." Alikosa faida siku ile, maana niliahirisha kupanda hadi tulipouziba na jirani.

Nyota nne. Nendeni mvua za kwanza zikianza, na mwulizieni huyo kijana kabla ya kulipa. Wengine pale wanauza tu.